Wakala wa Mtu Mmoja

Miaka minne mizima Swaib alipiga deki katika hospitali moja ya binafsi kule Bukoto, na miaka yote hiyo hospitali haikuwahi kumwajiri. Mwajiri wake alikuwa kampuni ya wakala, ghorofa ya tatu, penye zulia na meneja ambaye tai yake ilikuwa safi kuliko sakafu yoyote aliyowahi kuisugua Swaib. Kila siku ya kazi wakala alimtumia kwa simu shilingi elfu kumi na mbili. Alikuwa akishukuru, mpaka mhasibu wa hospitali alipomtuma Wandegeya akatoe kopi za makaratasi.

Njiani akachungulia. Nani asingechungulia? Ilikuwa ankara ya wakala kwa hospitali: msafishaji mmoja, siku moja, elfu ishirini.

Kumbe elfu nane zilikuwa zinabaki ghorofa ya tatu kila siku ya Mungu. Alipopanda kuuliza, meneja alimweleza kwa upole kwamba hizo ni gharama za uendeshaji: sare, usimamizi, hatari za biashara. Swaib akataka kujua hatari ipi, maana anayebeba ndoo ya matapishi ni yeye. Akaonyeshwa mlango, kwa upole uleule.

Tangu siku hiyo kibanda cha chapati pale Wandegeya kikapata mhubiri. Ukiagiza mayai mawili, Swaib anakwambia moja lishaliwa na wakala. Elfu nane, elfu nane, mpaka mkaanga chapati akaijua hesabu hiyo kuliko bei zake mwenyewe. Alichokitaka ni kimoja tu: hospitali imwajiri moja kwa moja. Walioajiriwa na hospitali hutibiwa bure pamoja na mzazi mmoja, na mama yake, Bi Kaltumi, alikuwa na sukari iliyomaliza pesa ya dawa kabla ya pesa ya chakula.

Kisha akapata meza ya kuuza simu za mitumba sokoni. Wateja ni asubuhi, deki nayo ni asubuhi. Kazi hakutaka kuiacha, kwa ajili ya mama. Basi akamwita Wasim, mtoto wa marehemu mama yake mdogo, mtu mzima aliyelelewa na Bi Kaltumi na aliyekuwa hana kazi. Akamvisha sare yake, akamtundikia shingoni kitambulisho chake cha kazi, ambacho picha yake ilishafutwa na sabuni hata ingeweza kuwa ya mtu yeyote, meneja akiwemo. Msimamizi wa wakala alikuja mara moja kwa mwezi, akahesabu vichwa. Nyuso hazikuwa kwenye mkataba.

Wasim alikuwa akipewa na Swaib elfu tano kwa siku. Kule kibandani Swaib alikuwa ametangaza zile elfu nane tu; elfu kumi na mbili zake hakuwahi kumtajia mtu. Wasim alipouliza kama kazi nzima inalipa tano, Swaib akajisikia akisema, "Kuna gharama za uendeshaji, ndugu yangu."

Sare ni yake, jina ni lake, na wakigundulika atakayefukuzwa ni yeye. Maneno yalimtoka bila kukwama, utadhani alizaliwa amevaa tai.

Ikapita miezi saba. Hospitali nayo ikachoka na zile ankara, ikaamua kuajiri wasafishaji wake yenyewe. Wasim hakuficha. Alikuja sokoni akihema kumwambia kaka yake kwamba Sista Zuleika, mkuu mpya wa wodi, anamtaka Swaib kesho, aje na kitambulisho cha taifa. Nafasi ni yake.

Swaib akanyoa ndevu. Kesho yake akasimama mbele ya Sista Zuleika, ambaye hakuwahi kuonana naye. Sista akatazama kadi, akatazama uso.

"Swaib ninayemjua mimi humsaidia mzee wa kitanda cha nne kugeuka kila asubuhi, na wala si kazi yake," alisema. "Wewe ni nani?"

Swaib akasema ukweli, na Sista akamwomba tu amlete mwenye kazi.

Wasim akaajiriwa kwa jina lake. Jioni walipokutana, Swaib alijiandaa kutukanwa. Wasim akauliza jambo moja: wakala alikuwa anatuma ngapi? Swaib akazitaja zile elfu kumi na mbili, huku ameinamia chapati yake.

"Wao walikula nane, wewe ukala saba," Wasim alisema. "Basi ulikuwa nafuu kwa elfu moja, kaka."

Kwenye fomu ya hospitali, mahali pa mzazi, Wasim aliandika Kaltumi.

Sasa kila mwezi Swaib hufunga meza yake na kumpeleka mama kliniki. Juzi karani mgeni aliuliza huyu ni mzazi wa nani. Bi Kaltumi akaelekeza kidevu kwenye korido.

"Wa yule anayepiga deki."

"Na huyu uliyekuja naye?"

"Huyu amenisindikiza."

Deki ilipowafikia, Swaib aliinua miguu ili ipite.