Ukurasa Wenye Pumu

Kwa miaka ishirini na sita Fundi Kurasa alipanga mitihani, risala, na kadi za harusi za watu waliokwisha kuachana. Katika kiwanda chetu cha uchapaji alisifiwa kwa jambo moja: hakuna aliyewahi kuiona kazi yake. Herufi zilikaa kwenye mistari kama wanafunzi mbele ya mwalimu mkuu.

Kisha mkewe akafariki, akaacha hadithi fupi moja. Alikuwa mwalimu mwenye pumu. Akiisoma, alisimama katikati ya sentensi kuvuta pumzi. Akifika kwenye ugomvi wa mama na mwanawe, sauti ilipanda ghafla, ikaisha. Fundi alitaka msomaji amsikie vilevile. Akaacha nafasi nyeupe kila mahali mkewe alipokuwa akisimama kupumua. Maneno ya ugomvi akayakuza yakajaza nusu ukurasa, yaliyofuata akayapunguza yakawa kama sisimizi waliopotezana.

Mkurugenzi aliipokea bila kuisoma, maana marehemu hakataliwi. Msahihishaji wetu, dada wa marehemu, hakuwa na adabu hiyo.

"Shemeji, umepanga au umemwaga?"

"Nimepanga."

"Basi meza yako imepinda."

Akatia miduara myekundu thelathini na minane, akasaini chini kama kawaida yake.

"Isome kwa sauti," Fundi akamwomba. "Penye nafasi, simama."

Alianza kwa kejeli. Mstari wa nne akafika penye nafasi, akasimama. Akavua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

"Toa nyingine safi, bila miduara yangu," akasema. "Hii tupa."

Fundi akatoa nyingine, ile ya kwanza akaisahau mezani. Na kiwanda chetu kina sheria moja isiyovunjwa: kinachochapwa ni karatasi yenye saini. Watu wa mitambo wakaiokota yenye saini, wakaichapa yote, pamoja na miduara na alama ya kikombe cha chai.

Siku ya uzinduzi, mgeni rasmi, mhadhiri wa fasihi, aliiita miduara hiyo majeraha ya mwanamke. Alama ya kikombe ikawa mwezi. Mkurugenzi, ambaye asubuhi ile alikuwa amekwisha kuandaa barua ya kumfukuza Fundi, alipiga makofi kuliko wote.

Fundi, aliyeketishwa kando ya Mkurugenzi kwa ajili ya picha, aliinamisha kichwa. Watu mia mbili walikuwa wakipekua kijitabu cha mkewe, na hakuna aliyekuwa akimsikia.

Shemeji yake akasimama.

"Hiyo miduara ni yangu, na ni upuuzi mtupu. Nipeni kipaza sauti."

Akaanza kusoma. Penye nafasi akasimama. Akaendelea, akasimama tena, kwa muda mrefu zaidi. Watu wakaanza kukohoa na kuangalia simu zao. Mkurugenzi akainuka kumpungia mtu wa mitambo ya sauti.

"Wee, kimekatika hicho!"

Fundi akamshika mkono, akamketisha.

"Hakijakatika, bosi. Hapo anavuta pumzi."