Nilificha Friji Ili Mgeni Atuonee Huruma

Naanza kwa kusema ukweli: kosa ni langu. Si la mume wangu, si la jirani, wala si la yule mgeni. Mie ndiye niliyeibeba friji kuitoa ndani, mume wangu kashika upande wa pili huku analalamikia kiuno.

Nisikilizeni kwanza, halafu mnihukumu.

Mwaka jana dada mmoja ninayesali naye aliniambia kuna mgeni anatoka Ufini, mwanamke wa makamo, anatafuta familia ya kukaa nayo mwezi mzima huku Temeke. Hataki hoteli, hataki ufukwe. Anataka kula wanachokula wenyeji, kufanya wanachofanya, awaelewe kwa moyo. Anataka maisha halisi. Maneno hayo mawili ndiyo yaliyonipoteza.

Maana mie nilishaziona video za wageni. Maisha halisi kwenye zile video ni sufuria juu ya mafiga, mtoto hana viatu, mama kajitwika ndoo. Nikaitazama sebule yangu. Sofa. Televisheni ya ukutani. Friji ya milango miwili tuliyoinunua kwa kujinyima. Nikasema mgeni akiyakuta haya ataona kapotea njia, atahamishiwa kwa mwingine, na mie nilishawatangazia kina mama wote wa jumuiya kwamba mzungu anakuja kwangu. Ningeuweka wapi uso wangu?

Basi kazi ikaanza. Sofa na friji tukavipeleka kwa Mama Zawadi, jirani yangu tunayetenganishwa na uzio tu, mjane wa Kimakonde, mcheshi, ana chumba kimoja cha ziada. Televisheni tukaifunga khanga, tukaisukuma chini ya kitanda cha mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye. Jiko la gesi likaenda stoo. Bomba la uani nikalifunika ndoo, nikatangaza kwamba lilikufa siku nyingi. Mume wangu, mtu wa ofisini, nikampa kaushi, fulana ya ndani yenye matundu, nikamwambia ukirudi kutoka kazini vaa hii. Akaivaa. Ndoa ni uvumilivu.

Likabaki jambo moja, na hili ndilo linaloninyima raha mpaka leo.

Mama mkwe wangu ana kisukari cha sindano. Dawa yake inakaa kwenye friji, na bila dawa hiyo hamalizi wiki. Nilijua vizuri, maana mie ndiye ninayemchoma asubuhi na jioni. Lakini si mnajua watu wanavyosemaga, eti kisukari ni ugonjwa wa wenye nazo? Nikaona utaniharibia picha! Dawa nayo ikaenda kwa Mama Zawadi pamoja na friji. Tukakubaliana awe ananipitishia kichupa juu ya uzio kila ikifika saa ya sindano, kimefungwa kwenye leso, nami nimchome mama bafuni, mlango umefungwa. Mgeni akiuliza, mama anasumbuliwa na miguu.

Mama mkwe alisikiliza mpango wote, akaniuliza swali moja tu.

"Mwanangu, huyo mgeni anakuja kututembelea sie, au anakuja kwa watu wengine?"

Nikamjibu kwamba ni mwezi mmoja tu, utapita.

Mgeni akafika. Jina lake Anneli. Mrefu, mpole, anajua Kiswahili cha kitabuni na anakisema taratibu, neno moja moja. Siku ya kwanza alimpigia mama mkwe goti, akatoa shikamoo iliyonyooka, mama akafurahi mno. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu siku ya pili aliliomba jembe mwenyewe! Alifagia uwanja, alifua kwa mikono, alisonga ugali mpaka malengelenge yakamtoka. Nikiamka alfajiri kupuliza kuni huku machozi yananitoka, namkuta kachuchumaa pembeni yangu, naye yanamtoka. Ananiambia pole. Namwambia asante. Na jiko la gesi liko stoo, hatua sita kutoka tulipo.

Maji ndiyo yalikuwa kituko. Majirani walizoea kuchota kwangu. Sasa bomba limekufa kwa amri yangu, mtaa mzima tukawa tunakwenda kisimani, mie na mgeni mbele tumejitwika, wenzangu nyuma wananitazama kwa jicho ambalo sijalisahau. Na lile bomba, jamani, lilikuwa linavuja chini ya ile ndoo kutwa nzima. Anneli akipita anakiruka kidimbwi bila kusema neno. Nikajiambia, wazungu hawana umbea.

Kilichonishinda ni upendo wake kwa mama mkwe. Kila akienda sokoni Buguruni hakosi kumletea kitu: visheti, kashata, soda ya baridi. Alimwonea huruma bibi wa watu mwenye miguu mibovu. Na yule bibi nilikuwa nimemnyima sukari miaka minne! Alikuwa akitafuna huku ananitazama usoni, anajua kabisa siwezi kufungua mdomo. Ningesemaje? Mgonjwa wa miguu hakatazwi visheti. Nikajipa moyo kwamba dawa anachomwa, na kichupa nikikipokea kwenye uzio ni cha baridi, nimekishika mwenyewe.

Wiki ya tatu mama akaanza kunywa maji. Anamaliza jagi, anaomba jingine. Akawa analala mchana kutwa, na akizinduka anazungumza na dada yake aliyefariki zamani huko Songea. Mume wangu akasema tumpeleke hospitali. Mie nikasema tusubiri Jumatatu, mgeni atakuwa kaenda Bagamoyo kutembea.

Ndiyo, nilisema hivyo. Hayo ni maneno ya kinywa changu.

Jumatatu hatukuifikia. Jumapili, tumetoka tu kanisani, mama alitapika akashindwa kusimama. Anneli na mume wangu wakambeba mpaka kwenye bajaji, mume wangu keshabadili nguo, yuko ndani ya ile kaushi.

Daktari alikuwa binti mdogo tu. Alitazama kipimo cha sukari, akarudia kupima, uso ukabadilika. Akauliza kama mgonjwa anachomwa dawa. Nikasema anachomwa, kila siku. Akauliza dawa tunaihifadhi wapi.

Anneli alikuwa amesimama pale pale, kaushika mkono wa mama. Nafasi ya kusema kweli nilikuwa nayo. Mama wa watu amelala, macho yamegeuka, daktari ananisubiri. Na mdomo wangu huu ukasema, "Hatuna friji, daktari. Sie ni watu wa hali ya chini."

Mume wangu akainamisha kichwa. Anneli akanitazama, akamtazama mama, kisha akamgeukia daktari akasema kwa ule utaratibu wake: "Friji yao iko kwa Mama Zawadi. Lakini haiwaki. Ndani kuna viatu."

Nilitamani sakafu ipasuke inimeze. Daktari hakucheka. Aliandika, akaita wauguzi, mama akasukumwa ndani, na sie tukabaki kwenye benchi.

Pale kwenye benchi nikajua kwamba Anneli alijua toka siku ya kwanza. Aliziona alama nne za miguu ya friji sakafuni. Siku aliyofagia chumba cha mama alikutana uso kwa uso na televisheni. Bomba ndiyo usiseme. Nikamuuliza kwa nini alinyamaza, akabeba ndoo zote zile.

"Nyumba ni yenu," akasema. "Nilidhani ndivyo mlivyotaka kuonekana. Niliona heshima ni kukaa kimya."

Halafu akauliza kisukari, neno alilolisikia kwa daktari, ni nini kwa Kiingereza. Mume wangu akamtajia. Basi akajifunika uso kwa viganja, akalia, akivitaja visheti kimoja kimoja. Mtu kasafiri nusu ya dunia kuja kuwatendea watu wema, nami wema wake nikaugeuza sumu kwa uongo wangu. Nilitamani anitukane. Hakunitukana.

Jioni nikaenda kwa Mama Zawadi, nimefura. Mwezi karibu unakwisha na ndiyo kwanza nakanyaga tena ndani kwake toka siku tuliyopeleka vitu. Siku zote tumekutana usawa wa uzio. Sofa langu liko vilevile, kalifunika kitenge lisichafuke. Nikafungua friji. Giza. Viatu vya watoto, madaftari, pasi ya mkaa, na mlangoni vichupa vya dawa ya mama vimepangwa vizuri, vya moto moto.

Umeme wake wa LUKU, ule wa kulipia kabla, ulikuwa umekatika wiki ya kwanza na hakuwa na uwezo wa kuongeza. Kila saa ya sindano ikifika alikuwa anakichovya kichupa kwenye maji ya mtungi, anakifunga leso, ndipo ananipa. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Dada, ulivyoniletea friji uliniona mie ni mtu wa kuweza kuiwasha. Hakuna aliyewahi kuniona hivyo, nikaona haya kukuangusha. Nilidhani baridi ni ya kufanya sindano isiume tu."

Hasira ikaniishia. Nikakaa kwenye sofa langu mwenyewe kama mgeni. Miaka saba tumepakana, sijawahi kujua kwamba mwenzangu analala gizani. Mie huku naigiza dhiki, yeye pale anaigiza neema, na dhiki ya kweli ilikuwa kwake. Anneli wiki ya pili tu alishaingia mle, kaketi mkekani akifundishwa kusuka ukili, akaona. Mimi nimeona baada ya kukaribia kuua.

Mama mkwe alilazwa siku tisa. Mungu ni mwema, alitoka mzima, ila jicho moja sasa linaona ukungu. Hakurudi kwangu. Amehamia Ukonga kwa wifi yangu, na mume wangu hapa ndani ananisemesha habari za chakula na za mafundi, basi. Mtaani bomba langu wameliita Lazaro, kwa kuwa lilikufa likafufuka. Anneli siku ya kuondoka aliitoa ile ndoo, akafungua maji, akanawa mikono, akafunga vizuri, akanikumbatia. Mpaka leo huwa anaulizia hali ya mama, na ya Mama Zawadi.

Friji imerudi mahali pake. Rafu ya chini ni ya Mama Zawadi, anaweka samaki zake na haombi ruhusa.

Jumapili iliyopita nilikwenda Ukonga na kikapu cha mboga. Nikapiga goti, nikatoa shikamoo. Mama mkwe akaitikia marahaba, akanielekeza kiti, akaniuliza hali za nyumbani kwa heshima zote. Kisha akapaza sauti kuelekea jikoni kwa wifi yangu.

"Haya, ficheni friji. Mgeni kafika."

Wifi alicheka. Mie nilicheka pia, halafu nikashindwa kuacha kulia, na mama hakuninyamazisha.

Nyie mnaosoma, ukipata mgeni mwache aikute nyumba ilivyo. Mtu akija kukuelewa, mpe cha kweli akielewe. Na kama una hamu sana ya kuonyesha maisha halisi, vuka uzio kwanza uangalie kama taa ya jirani yako inawaka. Mie sikuvuka, na gharama yake kailipa mama wa watu kwa jicho lake.