Zizi la mawe

Leo nimemfokea mama yangu mzazi mbele ya majirani. Kabla hamjanihukumu, nisikilizeni.

Nimetoka sokoni hapa Garissa nikakuta geti wazi na binti yangu Hodan hayumo.

Wanaonijua wanajua geti langu lina kufuli. Hodan ana miaka sita na hajawahi kucheza nje bila mimi.

Nimekimbia bila viatu.

Nikamkuta nyuma ya ua, mchangani, na watoto wa jirani. Wamejenga zizi la miiba. Ndani wamepanga mawe: makubwa ngamia, madogo mbuzi.



Miaka ya tisini, kule Diff, karibu na mpaka wa Somalia, mimi na kaka yangu Abdi tulicheza hivyo hivyo. Siku moja Abdi akaenda kutafuta jiwe la kuwa ngamia dume. Akaokota kidude cha chuma. Kikamlipukia.

Mama aliendelea kufagia uwanja ule kila asubuhi mpaka tulipohama. Zizi letu hakuligusa.

Nikamgeukia mama, aliyekaa karibu nao: "Hooyo, nani amefungua geti?"

"Mimi."

"Umemsahau Abdi?" Hapo ndipo nilipopiga kelele.

Yeye hakupandisha sauti. "Abdi nilimzika amekufa. Huyu wako unamzika anapumua."

Nikamshika Hodan mkono nimrudishe ndani. Akaning'ang'ania, akimwonyesha bibi yake kwa kidole: "Mama, si hatari! Ayeeyo ameokota mawe yote yeye mwenyewe. Ameyageuza moja moja, ndipo akatupatia sisi."

Sasa jua linazama na bado wanacheza. Mimi niko getini, kufuli mkononi.

Wazazi wenzangu, nyinyi mngelifunga geti hili?