Kadi ya Mafuta

Priska alikwenda benki pale Masasi kwa sababu mwanawe, Anderson, alimpigia simu kumhimiza. "Mama, siku hizi kuna kadi za mkopo. Unanunua mahitaji yako ya nyumbani, unalipa mwisho wa mwezi, na wanakupa pointi za zawadi." Sawa, akasema. Tangu wamzike Baba Anderson, alisema sawa kwa kila jambo. Aliyemletea uji, sawa. Aliyemletea habari za bei ya korosho, sawa. Watu wakamsifu kwa uvumilivu. Uvumilivu gani! Mwili ulikuwapo, mwenyewe hayupo.

Dada wa benki aliitwa Stella, mgeni katika mji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Stella akaeleza kwa upole. Kadi moja hutoa pointi dukani, kwa unga, sukari na sabuni. Nyingine hutoa pointi maradufu kwenye vituo vya mafuta. "Nyumbani kwenu pesa inakwenda zaidi wapi?"

"Mafuta. Kila Jumapili baada ya ibada tunapandisha maji Makote, kwa mama mkwe. Kule juu maji ni shida. Baba Anderson anayafunga madumu kwenye pikipiki kwa mpira, hayatikisiki."

"Basi chukua ya mafuta. Na baba tunampa kadi yake, bure. Aje tu asaini."

"Atakuja," akasema Priska, akaenda kukaa kwenye benchi kumngoja.

Usimcheke. Mdomo uliozoea kusema sisi miaka yote ile haujifunzi kusema mimi kwa msiba mmoja. Alikaa pale mkoba mapajani, hana huzuni wala haraka, akitazama watu wanaingia na kutoka. Foleni ikaisha. Mlinzi akaanza kufunga mlango wa mbele.

Stella akamjia. "Mama, baba amekwama wapi?"

Priska aliutazama mlango unaofungwa.

"Hatakuja," akasema. "Tumemzika Makote."

Alipolitaja jina hilo ndipo moyo ulipomlipuka. Makote! Tangu mazishi, nani amempelekea mama mkwe maji? Hakuna. Na bibi yule si mtu wa kuomba. Amefiwa na mwanawe, na juu yake amenyimwa maji, naye Priska amekaa chini akisema sawa. Aibu ilimchoma, ikamuuma kuliko msiba wenyewe, na machozi ambayo kaburini yalikataa yakamtoka mbele ya yule binti.

"Pole, mama. Pole sana. Nikubadilishie, nikupe ile ya dukani?"

"Hapana. Niandikie hiyo hiyo ya mafuta." Akajifuta uso kwa pindo la kanga. "Jina langu peke yake."

Nje alimwita Abuu, kijana wa bodaboda anayekaa jirani naye.

"Abuu, baba. Unajua kufunga madumu kwa mpira?"