Majani Niliyopambia Sinia la Krismasi

Krismasi ya mwaka 1953, kule Uru, baba mkwe wangu alinisamehe mbele ya wageni kumi na wawili.

Shida ilikuwa moja tu. Sikujua nimekosa nini.

Mjukuu ndiye anayebonyeza simu, mimi naongea tu. Nina miaka tisini na moja, kwa hiyo msinikatize.

Mimi ni mtoto wa Moshi mjini. Mzee wangu, Sadallah, alikuwa fundi cherehani. Nikampenda Basili, Mkatoliki wa Uru. Nikabatizwa, Mwanaasha nikawa Sophia.

Tukapata mtoto wa kiume. Alipofika miezi saba akaanza kukohoa.

"Basili, tumpeleke hospitali."

"Tumalize kuchuma kahawa kwanza. Kikohozi tu hicho."

Siku ya nne tulimzika mgombani.

Tangu hapo nikafa ganzi. Sikulia. Nikiambiwa kaa, nakaa. Nikiambiwa pika, napika. Niliona baba mkwe, Mzee Primus, hagusi chakula changu, na shikamoo yangu anaiitikia kwa shingo upande. Nikadhani ni msiba tu.

Krismasi ikafika. Mama mkwe, Margareta, akaniambia, "Wewe wa mjini unajua kupamba. Wageni wanatoka mpaka Machame. Usituaibishe."

Basi nikapamba. Moyo haukuwa na habari, mikono ilijua kazi yake. Pilau katikati ya sinia, mbavu za mbuzi kuizunguka, mayai ya kuchemsha nusu nusu, nyanya za kukata duara. Ndivyo mama alivyopanga siku ya Idi.

Kikakosekana kitu cha kijani pembeni. Kwenye mpaka wa kihamba, shamba letu la migomba, kulikuwa na mmea wenye majani marefu yanayong'aa. Nikakata, nikaosha, nikayazungushia sinia, ncha zikitazama nje.

Likapendeza, jamani. Nililiona limependeza, ila sikusikia raha yoyote.

Nikalibeba kwa mikono miwili, nikapiga goti, nikaliweka mbele ya Mzee Primus.

Nyumba nzima kimya. Mgeni mmoja akashusha kata yake ya pombe ya mbege polepole.

Mzee akatazama yale majani. Akanitazama mimi. Akachomoa jani moja.

"Hili ni isale," akasema. "Kwetu huku, ukiletewa isale na mtu anayeomba radhi, huna ruhusa ya kukataa. Mwanangu, nimekusamehe."

Mama mkwe akaangua kilio.

Nikauliza, "Kosa gani, baba?"

"La mtoto. Basili alitueleza. Alitaka kumpeleka hospitali, wewe ukang'ang'ania kumnywesha kombe, yale maji ya maandiko ya kwenu mjini. Yameisha, binti yangu."

Nikamgeukia Basili. Alikuwa anatazama pilau.

Mwezi mzima nyumba ile ilikuwa imenihukumu, na mimi nawapikia.

Ningeweza kusema palepale. Ila wageni walikuwa wanangoja chakula. Nikasema, "Karibuni chakula," nikaenda zangu jikoni. Kumbe Mzee alikula mpaka akaongezwa.

Jioni, wageni wakiwa bado wanakunywa, Basili akanifuata nikiosha vyombo. Ameshika jani moja la kwenye sinia, bado lina mafuta ya mbuzi. Mikono miwili, machozi yanamtoka.

"Sophia, nilimwogopa baba."

"Mimi nimezaliwa mjini, Basili. Jani hilo halinilazimishi. Kawaambie kwanza."

"Wageni bado wapo."

"Wakati nasamehewa, wageni walikuwepo."

Akafuta machozi. Kisha akaingia ndani na jani lake.

Sikusikia alichosema. Nilisikia tu nyumba ikinyamaza kwa mara ya pili siku ile.

Ndipo nikalia. Nilimlilia mwanangu hapo, mikono imo kwenye maji ya vyombo, mpaka Margareta akaja kunishika mabega.

Kesho yake Basili aliniletea isale jingine, hili likiwa na shina. Nikalipokea. Nikalipanda kwenye kaburi la mtoto, na leo limenipita kimo.

Mabinti mnaopamba masinia ya sikukuu, kama ni ugenini ulizeni kwanza kila jani lina kazi gani. Na ukisamehewa kosa ambalo si lako, usinyamaze kwa sababu wageni wanakula. Chakula hupoa kikapashwa moto. Jina lako likishaharibiwa, ni wewe utakayehangaika nalo.