Kula na Kura Chini ya Bati

Nakumbuka siku moja ya masika, mwanangu, nikiwa mwalimu kijana kwenye shule ya msingi ya kijijini, kando ya ziwa, si mbali na Musoma. Darasa langu la pili lilikuwa bati tupu juu, saruji tupu chini. Mvua ikinyesha, hata mimi mwenyewe nilikuwa sijisikii. Siku hiyo mvuvi mmoja, Mzee Mafuru, alikuja kumtoa shule binti yake Nyangeta, kwa sababu kila imla alikuwa anapata sifuri.

"Huyu mtoto ni mzito, mwalimu," akaniambia. "Bora aanike dagaa, nijue moja."

Roho iliniuma. Mtoto yule nilikuwaga namsikia uwanjani akisimulia hadithi mpaka wenzake wanasahau uji. Nikakimbilia kwa mwalimu mkuu, Mwalimu Magesa, mzee mpole ambaye ukimchokoza ndipo unajua ana meno. Hakubishana. Alimkalisha Mafuru dawati la nyuma, magoti yakakaribia kidevu, akampa kalamu na karatasi, kisha akaenda mbele kusoma imla. Mvua ilikuwa inapiga bati, na ng'ambo ya ukuta darasa la kwanza wanaimba ba be bi bo bu.

"Andika: watoto wamekwenda kula."

Mafuru akaandika, akanyanyua karatasi kwa madaha. Alikuwa ameandika: watoto wamekwenda kura.

"Kura ya chama gani, Mafuru?" mzee akamuuliza. Darasa zima likacheka, na Mafuru naye akacheka hadi akafuta macho. Ndipo Mwalimu Magesa akamkaripia taratibu: "Sisi watu wa Mara, la na ra zinatusumbua hata pakiwa kimya. Wewe mtu mzima umeshindwa kusikia, mtoto ataitwaje mzito? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake."

Hapo Mafuru akawaka ari ya kuiziba kelele ya bati. Wiki ileile aliingia ziwani, si kuvua, kukata mafunjo. Kina mama wakasuka mikeka, vijana wakaifunga chini ya kenchi, bati lote likafichika. Mingine tukaitandika sakafuni. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mvua iliyofuata ilisikika kama inanyesha kijiji cha pili. Nikasoma imla kwa sauti yangu ya kawaida, na Nyangeta akapata zote. Baba yake, aliyekuwa dirishani analowa, akawatangazia wapita njia: "Huyo ni wa kwangu. Dagaa nitaanika mwenyewe."

Nilifurahi siku hiyo kuliko siku ya harusi yangu, na mume wangu anajua.

Basi mwanangu, ukishika chaki, kabla hujasema mtoto hasikii, kaa alipokaa usikie anachosikia yeye. Usishindane na kelele kwa kupaza sauti, wala kwa fimbo. Tafuta zinakotoka, uwaite wazazi mzizibe pamoja. Mungu akupe darasa lenye utulivu, watoto wanaocheka bila kukuogopa, na wazazi wa kusimama dirishani kwa majivuno.