Maharage Kumi ya Furaha

Mwaka ule Warundi walipoanza kuingia kwa maelfu nilikuwa na miaka thelathini na mmoja, na ndipo shida yangu ilipoanza. Mume wangu alivuka ziwa akahamia kwa mwanamke mwingine Kongo, akaniachia watoto watatu na beseni la dagaa. Nyinyi wasomi mnaokwenda kuhoji watu, sikilizeni: kazi hiyo niliifanya miaka kumi na tisa kwa elimu ya darasa la tatu.

Siku ya kwanza nilifika kambi ya wakimbizi saa moja asubuhi, nimevaa kitenge cha sikukuu. Watu wa chuo kikuu walitaka mdadisi, yaani mtu wa kuuliza maswali na kuandika majibu, anayejua Kiha, Kirundi na Kiswahili cha Kongo. Lugha hizo zote nilizipata sokoni Ujiji, bila mwalimu. Msimamizi, kijana mwenye shahada na viatu visivyojua tope, alinitazama kama dagaa wa juzi.

“Shikamoo, mama. Cheti kiko wapi?”

“Marahaba, baba. Ningekuwa nacho, si wewe ndiye ungeniomba kazi?”

Profesa, mama mtu mzima aliyekuwa Mtafiti Mkuu, akacheka. “Mpe siku tano za majaribio. Akishindwa tutamchukua yule wa kidato cha nne.”

Yule wa kidato cha nne alikuwa palepale kwenye benchi, na alikaa hapo kila siku akisubiri nianguke.

Tulikuwa tunachunguza afya ya akili ya vijana. Wazee walidhani tunasaka vichaa. Nikawaeleza kwamba hata mzima hukosa usingizi na kukata tamaa. Kwanza unamsomea kijana karatasi ya ridhaa, yaani yuko huru kukataa, na alisemalo halitangazwi. Kisha unafungua dodoso, ile karatasi ya maswali: wiki hii umekuwa na furaha kiasi gani, sifuri mpaka kumi?

“Furaha kumi ndiyo ngapi, mama?” waliniuliza. “Kilo?”

Nikashauri tutumie maharage. Mpe kijana kumi mkononi, atie koponi kadiri ya furaha yake. Kisha kumi mengine kwa huzuni. Profesa akapenda, nami nikavimba kichwa.

Siku ya tatu Msimamizi alifungua makaratasi. Sifuri, sifuri, sifuri.

“Mama, kambi nzima haina furaha wala huzuni! Hawa ni watu au magogo?”

Kwenye benchi mtu akakohoa.

Nikarudi mbio kwa binti niliyemhoji mwisho, wa miaka kumi na saba, aliyeishi na bibi yake. Nikamkuta anachochea moto chini ya chungu.

“Maharage hayo umepata wapi?”

“Si ulinipa, mama? Mtu mzima akikutilia chakula mkononi unamrudishia? Ungesema sina adabu.”

Bibi yake akadakia, “Furaha yake yote tumeitia chumvi. Karibu ule!”

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kosa lilikuwa langu. Hata kwetu chakula hakirudishwi, na mgao wao ulikuwa umekwisha tangu juzi. Nikala nao.

Kambi hiyo ilikuwa karibu na mji, basi jioni nikashukia Bangwe, nikajaza mfuko kokoto laini za ufukweni. Hakuna apikaye jiwe. Kesho yake kijana mmoja alimimina zote kumi za furaha: “Niongezee, mama, nimepata mchumba!”

Yule binti alitia mbili za furaha. Za huzuni alitia moja moja, zote, kisha akasema, “Hazitoshi.”

Nikaweka kalamu chini, nikampa mfuko mzima. Aliendelea kutia, akanisimulia walivyopoteana na mama yake njiani, akalia. Sikumharakisha. Alipomaliza nilimshika mkono, nikampeleka kwa mshauri, mtu aliyesomea kusikiliza mizigo ya watu. Baada ya wiki tatu nilimwona kwenye kikundi cha vijana akicheza ngoma, amegoma kukaa.

Siku ya tano Msimamizi alisoma karatasi zangu mara mbili. “Sasa hawa ni watu,” akasema.

“Nani alikufundisha, mama?” akauliza Profesa.

“Walionilia maharage.”

Niliajiriwa. Yule wa kidato cha nne naye alichukuliwa, na aliyemfundisha kazi ni mimi.

Baadaye nilipelekwa kambi ya Wakongo, kisha kijiji cha Mwamgongo kwa boti, kisha shule za Ujiji chini ya Daktari wa Vijana, aliyenifundisha kishikwambi nikiwa tayari na wajukuu. Nilistaafu magoti yalipokataa kupanda boti. Wadadisi wa leo ni wepesi, ila wanauliza swali la pili kabla kijana hajameza mate. Acheni hiyo.

Leo nina nyumba ya vyumba vinne Buzebazeba, ya tofali za kuchoma na bati. Nina michikichi kumi na minne, mtumbwi mmoja Mwamgongo, cherehani, kitanda cha mninga, mbuzi sita, na watoto watatu waliosoma kunipita.